Pipa la Jeli na Msamaha wa Mjomba

Mtu anaweza kuvumilia kuitwa mwizi. Dunia imejaa watu walioitwa wezi, na bado wanakula, wanalala, wengine wanachaguliwa uongozi. Kilichomshinda Mwiko ni kusamehewa.

Msamaha ulifika nyumbani kwake umebebwa na mama yake mzazi, umefungwa vizuri ndani ya maneno matamu. Mjomba amesema yameisha. Njoo tu kiwandani mbele ya wenzako, useme samahani, uchukue zana yako uendelee na kazi.

"Samahani ya nini?" Mwiko aliuliza.

"Ya hilo jambo," mama yake akasema.

"Hilo jambo lina jina, Mama."

"Mwanangu, usinikaange. Mimi nimetumwa tu, na mjumbe hauawi."

Jambo lenyewe lilikuwa wizi wa jeli ya nywele, na ili lieleweke ni lazima kwanza mtu aingie kiwandani kwa Mjomba. Kiwanda lilikuwa jina la heshima. Ilikuwa nyumba iliyobomolewa kuta za kati, sakafu ya saruji inayoteleza mwaka mzima, mapipa ya plastiki ya buluu yamepangwa kando ya ukuta, na harufu ya limau ambalo halijawahi kuota mtini. Hapo ilitengenezwa sabuni ya maji: ya vyombo, ya sakafu, ya mikono, ambazo zilitofautiana kwa rangi na kwa lebo.

Mwiko aliingia hapo akiwa kijana aliyekwisha kushindwa udereva kwa sababu ya kutukanana na abiria, na upakaji rangi kwa sababu ya kutukanana na mwenye nyumba. Mjomba, kaka wa mama yake wa tumbo moja, alimkabidhi mti mrefu uliochongwa bapa kichwani, mfano wa mwiko wa kupikia majitu, akamwambia: "Huyu hatakujibu. Mtukane utakavyo." Basi akakoroga. Alikoroga mpaka bega la kulia likapanda juu ya la kushoto, na jina alilopewa na baba yake likabaki kwenye kitambulisho tu. Hata chai yake nyumbani aliikoroga kwa kijiko kutoka pembeni kwenda katikati, polepole, isitoe povu.

Povu ndilo lilikuwa adui wa pale. Sabuni ikikorogwa kwa pupa hujaa povu, na povu haliuziki. Kwa hiyo Mjomba alikuwa na utaratibu wake, na utaratibu huo ulikuwa umekwisha kuvuka mpaka wa maarifa ukaingia kwenye imani: sabuni ikiwa nyepesi, itie chumvi. "Chumvi ndiyo mfupa wa sabuni," alisema kila siku, kama vile kuna mtu aliyembishia. Jioni, kabla ya kufunga, Mwiko aliyakagua mapipa, na lile alilolikuta na maji-maji alilinyunyizia chumvi juu, bila kukoroga, akafunika. Asubuhi alikuta vitu vimeshikana, anazungusha mwiko taratibu, sabuni inakuja nzito kama asali. Hakuna aliyemfundisha kipimo. Kipimo kilikuwa mkononi.

Ndipo Mjomba alipoingiwa na tamaa ya jeli.

Aliileta kama unga mweupe, mwepesi kiasi kwamba ukipiga chafya umepata hasara. Muuzaji wake, mzee mmoja mkimya waliyemwita Bwana Kemikali, alimwelekeza: nyunyiza unga juu ya maji kidogo kidogo, utapata kitu kama maji ya chokaa, usikate tamaa, kisha tia matone ya dawa ya kukazia. Na maji yasiwe ya bomba wala ya kisima. Tumia maji ya betri, yale yasiyo na tindikali. Mjomba hakuuliza sababu. Alikuwa mtu wa kufundisha, kuuliza si fani yake.

Alikoroga mwenyewe, mara ya kwanza tangu afungue kiwanda, na matone yalipoingia, yale maji ya chokaa yakasimama. Hapakuwa na neno jingine. Yalikuwa yanatiririka, mara yakasimama, yakang'aa, mapovu madogo yamening'inia katikati kama yamesahau yalikokuwa yanakwenda. Wafanyakazi walikuja kuangalia. Dada Lebo, mwanamke aliyebandika lebo na kutoa maoni, alichovya kidole akasema, "Hiki kitu kina kiburi."

Kikafunikwa. Asubuhi angekuja mteja, mama mmoja mwenye saluni kadhaa na subira kidogo. Mjomba akamwambia mpwa wake, "Ufunguo unao. Liangalie pipa langu." Akaondoka.

Mwiko aliliangalia kama alivyoangalia kila pipa. Alichomeka mwiko katikati. Ukainama kidogo, nusu tu ya kidole. Mtu mwingine angesema umesimama. Yeye akaona kazi ya mjomba wake ina udhaifu ambao ndugu hawezi kuuacha uonwe na mgeni. Akatia chumvi. Mikono mitatu, juu, bila kukoroga. Akafunika, akafunga mlango, akaenda zake akiwa na ile raha ndogo ya mtu aliyemfanyia mwenziwe wema bila kumwambia.

Alipofika asubuhi, Mjomba na mteja walikuwa wamemtangulia. Mjomba alikuwa ametumbukiza mwiko ili aonyeshe unavyosimama, na mwiko ukalala. Akakoroga kuurekebisha. Kadiri alivyokoroga ndivyo pipa lilivyozidi kuwa la maji, mpaka mle ndani hapakuwa na kitu ila maji mazito-mazito, kama yaliyosuuzia sahani.

"Hii nikimpaka mtu, nimemwogesha," mteja alisema, akachukua mkoba wake.

Mjomba hakupiga kelele mpaka gari la mteja lilipogeuka kona. Kisha akapiga.

"Jana jioni ulibaki na nani hapa?"

"Peke yangu. Ufunguo si ulinipa mimi?"

"Umetia maji."

"Nitie maji ya nini? Sijatia maji."

"Jeli haiwi maji bila maji. Umechota, ukajazia kwa bomba."

"Mjomba, pipa limejaa vilevile kama jana."

"Ndiyo nasema umejazia."

Hapo Mwiko alihisi masikio yanapata moto. Ukweli aliokuwa nao ulikuwa umegeuzwa ushahidi dhidi yake, na hakuwa na mwingine.

"Nimechota nikapeleka wapi?"

Mjomba akawatazama wafanyakazi mmoja mmoja, kama mwalimu anayetaka darasa lote lisikie. "Mkeo si msusi? Vichwa vinavyong'aa mtaani kwenu vinang'arishwa na nini?"

Hakuna aliyeuliza habari ya chumvi. Katika kiwanda kile, kuuliza kama chumvi imefanya kitu kuwa chepesi ilikuwa sawa na kuuliza kama chakula kimemtia mtu njaa. Mwiko mwenyewe hata hakuikumbuka. Aliulaza mwiko sakafuni, taratibu, jambo lililowatisha wenzake kuliko kama angeutupa, akatoka.

Mke wake aliposikia, aliendelea kuchana nywele za mteja. Chumba chao cha mbele ndicho kilikuwa mahali pake pa kazi: kioo, benchi, kigoda, na kopo la jeli lililonunuliwa dukani kwa mkono wake.

"Kwa hiyo wewe mwizi," alisema hatimaye, "na mimi mpokeaji."

"Amesema yeye."

"Amesema mbele ya nani?"

"Wote."

"Basi mtaa unajua."

Mtaa ulijua. Siku iliyofuata mteja mmoja, mwanamke mwenye kicheko chepesi, aliketi kigodani akasema, "Leo unanipaka ya dukani au ile ya ukoo?" Msusi alicheka naye, kwa sababu kazi ni kazi, lakini alimvuta nywele hadi nyusi zikapanda. Jioni alimwambia mumewe, "Mimi nashika vichwa vya watu. Mtu hakupi kichwa chake akikudhania mwizi. Ukienda kuomba samahani, umetia sahihi kwa niaba yangu."

Ndipo mama alipokuja na msamaha.

"Hasira hasara, mwanangu," alisema, akitafuta mahali pa kukaa kati ya vitana.

"Hasara nimeshapata, Mama. Niachieni angalau hasira."

"Ni mjomba wako. Amekulea."

"Amenilea, kisha akaniita mwizi. Asante ya punda ni mateke, lakini hapa sijui punda ni nani."

"Sema tu samahani. Neno halivunji mfupa."

Msusi akaweka kitana chini. "Mama, wewe ni mama yangu na nakuheshimu. Ila ukirudi kwa kaka yako, mwambie mimi bado sijasamehewa. Sijaiba."

Mama akaondoka akitikisa kichwa. Alikuwa ametumia maisha yake yote kupatanisha watu wa ukoo huo, na matokeo yake ni kwamba hakuna ugomvi wao hata mmoja uliowahi kuisha. Wote ulikuwa umelala tu, umejikunja, unangoja kuamshwa.

Mwiko alibaki nyumbani na hasira yake. Mtu mwenye hasira ndani ya chumba cha kusukia ni fanicha mbaya. Alikaa pembeni ya benchi, mikono mikubwa juu ya magoti, akijibu salamu kama anayelipa faini. Usingizini alikuwa akikoroga. Mkewe alimwamsha kwa kiwiko. Kila alipofikiri kurudi akatamka lile neno, taya lilikazana. Kila alipofikiri kutorudi, alikumbuka kwamba nje ya kukoroga na kutukanana hakuwa na fani nyingine.

Mchana mmoja wa joto kali yule mwenye kicheko alirudi, safari hii akiwa na shughuli ya kwenda na nywele zinazotakiwa kulazwa zing'ae. Msusi alipaka jeli kwenye nywele za juu ya paji la uso, akachana, akapaka tena. Jeli haikukaa. Iliteremka kwenye nyusi kama machozi ya mamba.

"Futa jasho kwanza," msusi alisema, akimpa taulo. "Nimewaambia kila siku. Jeli na jasho ni paka na panya. Ikigusa jasho inakuwa maji."

Mwiko aliinua kichwa. "Inakuwa nini?"

"Maji. Kwani leo ndiyo unaona?"

"Lina nini hilo jasho?"

Mteja akamtazama kupitia kioo. "Lina chumvi, shemeji. Hujawahi kuramba mdomo juani?"

Mwiko akainuka. Alikwenda jikoni, akarudi na chumvi kwenye kiganja, akachukua kopo la mkewe bila kuomba, na kabla hajazuiwa akanyunyizia kidogo na kuzungusha kidole. Jeli iliyokuwa imesimama kwenye kopo kama kioo ilimlegea mkononi, ikapita kati ya vidole, ikadondoka sakafuni, to, to, to.

"Jeli yangu hiyo," msusi alisema.

"Mikono mitatu," Mwiko akasema. "Nilitia mikono mitatu."

Mteja, aliyekuwa amekwisha kuelewa kwamba leo amepata zaidi ya nywele, aligeuza kigoda apate kuona vizuri.

Mwiko akaketi. Kwa siku zote zile hasira yake ilikuwa na mahali pa kwenda. Ilitoka nyumbani asubuhi ikaenda moja kwa moja kwa Mjomba. Sasa ilifika mlangoni pa Mjomba, ikageuka, ikarudi kumtazama yeye.

"Basi wewe si mwizi," mkewe alisema.

"Mimi ni mpumbavu."

"Mpumbavu nitaishi naye. Nimeshazoea."

Haikumchekesha. Katika maisha yake alikuwa na sifa moja tu ambayo haikutokana na ukoo wala huruma: kwamba mkono wake haukosei. Wateja hawakumjua jina, ila walijua sabuni ya pale haijawahi kuwa nyepesi. Ili aokoe jina la mtu asiyeiba, ilibidi achome hilo jingine, mbele ya watu walewale. Na Mjomba angepata ile samahani aliyoitaka, akaivaa kifuani bila kujali ni ya kitu gani.

"Nitaomba radhi ya chumvi," alisema. "Ya wizi, hapana. Hata nife."

"Usife," mkewe akasema. "Nenda saa ya chai, wote wakiwepo."

Alikwenda saa ya chai. Mama yake alikuwa amekwisha kufika, amekaa karibu na kaka yake, amevaa nguo za kushuhudia suluhu. Bwana Kemikali naye alikuwepo, ameleta unga mwingine, maana Mjomba alikuwa amekoroga pipa jipya ili kumbembeleza yule mama wa saluni. Dada Lebo alisogeza kiti chake mbele.

"Haya, mpwa," Mjomba alisema kwa ile sauti ya upole ya mtu anayesubiri kupigiwa magoti. "Tunakusikiliza."

"Naomba bakuli moja la jeli mpya."

"Umekuja kuongeza?"

Watu wawili walicheka. Mwiko alijisikia mkono unatafuta kitu cha kushika, na mwiko ulikuwa palepale ukutani. Aliuacha. Alichota bakuli mwenyewe, akaligeuza kichwa chini: jeli ikabaki humo inang'aa, haikutikisika. Akaliweka mezani kati ya vikombe, akatoa chumvi mfukoni, akanyunyizia, akazungusha kijiko kutoka pembeni kwenda katikati. Kisha akaligeuza tena, na yaliyomwagika yalipita chini ya vikombe, yakafika ukingoni mwa meza, yakamwagikia Mjomba kwenye suruali.

"Haya," Dada Lebo akasema, "mwizi kapatikana. Yuko jikoni kwa kila mtu."

"Jioni ile nilitia chumvi," Mwiko akasema. "Niliona imelegea. Sikumwambia mtu kwa sababu hakuna anayetangaza chumvi hapa. Nimeharibu pipa lako, Mjomba, na mteja wako ameondoka kwa sababu yangu. Kwa hilo nisamehe."

Mjomba hakumtazama. Alimgeukia Bwana Kemikali. "Chumvi si inakaza?"

"Sabuni inaikaza," mzee alisema, akipuliza chai. "Hiki ni kitu kingine. Ndani yake mna nyuzi ndefu sana, hazionekani. Unapotia ile dawa ya kukazia, nyuzi zinachukiana. Kila uzi unasukuma mwenzake, na hata uzi wenyewe haujipendi, kwa hiyo unanyooka. Zikinyooka zinajaza pipa, maji yanakosa njia. Ukitia chumvi inaingia katikati, inazipatanisha. Zinajikunja, zinalala. Unabaki na maji."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia utumie maji ya betri. Hayana chumvi."

"Hukusema kwa nini."

"Hukuuliza."

Mjomba alijipangusa suruali kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akapiga mapaja na kusimama. "Basi, imeisha. Kila mmoja amekosea kidogo. Chukua mwiko wako, tunywe chai."

"Ni damu moja," mama akasema haraka. "Maji yakimwagika hayazoleki. Mwanangu, keti."

Mwiko aliwaangalia, ndugu wawili walio na pua moja, wakinyunyiza maneno yao juu taratibu, bila kukoroga, wakitaka kufunika. Hakuwa msomi wa mambo ya nyuzi. Ila alijua kwamba akikalia kile kiti sasa, atalala, na hatasimama tena mbele ya mtu yeyote.

"Mimi nimesema langu," alisema. "Mjomba, wewe uliniita mwizi. Ulisema kwa sauti."

"Nani hajui sasa kwamba hukuiba?"

"Sijasikia ukisema."

"Unataka mtu mzima akuombe radhi wewe?"

"Nataka useme sikuiba."

Mjomba alitazama pipa. "Hukuiba," aliliambia.

"Watu wako huku, Mjomba."

Ilimchukua muda kugeuka. Mishipa ya shingo ilimtoka, na wote waliona kutoka upande gani wa ukoo Mwiko alirithi taya lake. "Mpwa wangu hakuiba jeli," alisema. Dada Lebo akaitikia kwa kichwa kama karani anayepokea.

"Umeridhika?"

"Bado. Mke wangu hakuwa hapa."

"Utamwambia."

"Jina lake hukulichafua kwa kunituma mimi."

Mama alijifunika uso. Mwiko akasema atarudi kazini siku Mjomba atakapokuwa amefika kwa msusi mwenyewe akasema, si kabla, akatoka akaacha mwiko ukutani.

Mjomba alijikaza siku kadhaa. Alimpa kijana mwingine kazi ya kukoroga, na sabuni ikawa povu tupu. Lakini sitaki kulipa povu sifa isiyo yake, pengine ni dada yake aliyemchosha. Vyovyote vile, mchana mmoja alitokea mlangoni pa msusi, kavaa kofia, akaivua. Upara wake ulikuwa kamili. Chumba kilijaa wanawake.

"Karibu, Mjomba," msusi alisema bila kugeuka. "Keti. Nina kichwa mkononi."

Mjomba akaketi kwenye kigoda kilichobaki, magoti yamefika kifuani.

"Mzee naye anasukwa?" yule mwenye kicheko aliuliza.

"Ana neno," msusi akasema. "Anangoja zamu."

Alisuka polepole, msuko mwembamba, akirudia kila mstari uliokwenda upande. Mjomba alikohoa. Msusi alimaliza, akampa mteja kioo, akamgeuza huku na huku, akapangusa mabega yake. Mjomba akainuka nusu.

"Nani anafuata?" msusi aliuliza.

Mwanamke aliyekuwa kwenye benchi alimtazama Mjomba, akamtazama msusi, kisha akaenda kuketi chini ya kitana. Mwiko, aliyekuwa ameegemea mlango, aliingia ndani kumletea mjomba wake maji ya kunywa. Mgeni ni mgeni, na huyu alionekana atakaa.